Kunde Nyuma ya Nyumba: Kupanda ni Kazi, Kuhifadhi ni Kazi Zaidi



Katika ziara zetu tunaulizwa swali moja karibu kila mahali: "Mbona kunde tunapanda kila mwaka, na bado mvua ya Oktoba ikikaribia tunaenda sokoni kununua mbegu kwa gorogoro, tena kwa bei ya juu?" Swali hili ni zuri. Kunde si mmea wa taabu. Inavumilia jua, inaota kwa mchanga maskini, na majani yake tunayala hata kabla ya mbegu kuja. Basi inapotelea wapi? Tutaona kwamba inapotea kidogo kidogo njiani, na hasara kubwa zaidi inatokea pale tunapodhani kazi imekwisha, yaani ndani ya stoo.

Kabla ya kufundisha wengine, wacha tukiri kosa letu sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama sehemu kavu za Ukambani. Walikuwa wamevuna kunde mwezi wa Februari na bei ilikuwa chini sana. Tukawaambia: "Msiuze sasa. Wekeni pamoja, tutauza Juni bei ikipanda." Wakakusanya magunia manne, kila mama na mchango wake. Mmoja alileta mpaka mbegu yake ya kupanda. Mwezi wa Juni tulifungua stoo mbele ya wanunuzi. Gunia la kwanza lilipomwagwa, vumbi likaruka, na wadudu wakaanza kutembea kila upande. Punje zilikuwa na matundu kama chujio. Mnunuzi aliziangalia, akapanda lori lake, akaenda. Hiyo ilikuwa karo ya shule ya watoto.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Kulikuwa na nyanya mmoja katika kikundi hicho ambaye alikataa kuleta kunde zake zote. Wengine walimsema, ati hana umoja. Kumbe yeye alikuwa ameziweka jikoni ndani ya chungu, zimechanganywa na majivu. Alipofungua, punje zilikuwa nzima kama siku ya kwanza. Ni yeye aliyewakopesha wenzake mbegu mwaka ule, kila mtu gorogoro moja, kwa masharti ya kurudisha gorogoro moja. Tulisimama katika mkutano tukaomba msamaha. Tulikuwa tumefundisha hesabu ya bei, lakini hatukufundisha habari ya fukusi. Makala hii ni sehemu ya deni letu.

MAHALI NA MBEGU

Kunde inapenda joto. Kwenye miinuko ya baridi, kule kwa majani chai, inakua kwa uvivu na mbegu haziivi vizuri. Lakini kutoka Pwani mpaka Ukambani, Tharaka, na sehemu za joto za Magharibi na Nyanza, iko nyumbani. Ni mmea wa Afrika hii yetu. Wale watu wa Marekani wanaokula kunde yenye jicho jeusi siku ya mwaka mpya, mbegu hiyo ilivuka bahari kutoka Afrika wakati wa biashara ya watumwa.

Chagua mahali penye jua la kutosha na maji yasiyosimama. Kunde inavumilia kiu kuliko matope. Usipande chini ya mwembe au nyuma ya ukuta wenye kivuli, kwa maana utapata kamba ndefu na maganda machache.

Kuhusu mbegu, kuna za kutambaa na za kusimama. Za kutambaa zinatoa majani mengi kwa muda mrefu. Za kusimama zinaiva mapema na kwa pamoja. Mbegu kama K80 na M66, zilizotokana na utafiti wa Katumani karibu na Machakos, ni za kazi mbili: zinatoa majani na pia punje. Mbegu ya aina hiyo huwa tayari kuvunwa kati ya siku 75 na 90, kutegemea joto na mvua. Mbegu za kienyeji pia zina faida zake, msizitupe. Jambo muhimu ni kujua unataka nini kabla ya kupanda.

Habari njema ni kwamba ua la kunde hujichavusha lenyewe karibu kila mara. Maana yake ni kwamba mbegu unayoiweka mwenyewe itatoa kunde kama ile ya mama yake. Huna haja ya kununua kila msimu, mradi uliyo nayo isiliwe na wadudu.

KUPANDA

Tayarisha shamba kabla ya mvua. Anayengoja mvua ndipo aanze kutafuta jembe amechelewa tayari. Panda mvua ya kwanza ikilowesha udongo vizuri.

- Kati ya mstari na mstari acha sentimita 60. Hii ni kama hatua moja fupi.
- Kati ya shimo na shimo acha sentimita 20, yaani shubiri moja ya mtu mzima.
- Shimo liwe na kina cha sentimita 3 hadi 5. Weka punje mbili.
- Kama unachanganya na mahindi, weka mstari mmoja wa kunde katikati ya mistari miwili ya mahindi.

Tufanye hesabu. Shamba dogo la mita 10 kwa mita 10 nyuma ya nyumba litakuwa na mistari kama 17, na kila mstari mashimo 50. Hayo ni mashimo 850, punje 1,700. Kwa mbegu ya kadiri, hiyo ni kama robo kilo tu. Hakuna mtu katika kikundi anayeweza kusema hana uwezo wa robo kilo.

Palilia mara ya kwanza wiki mbili baada ya kuota, na mara ya pili kabla ya maua. Baadaye majani ya kunde yenyewe yatafunika udongo na kuzuia magugu. Usiingie kupalilia wakati mimea ina maua, kwa maana utayaangusha.

HAIOMBI MBOLEA NYINGI

Wengine hufikiri kwamba mbolea ikiwa nyingi, mavuno yatakuwa mengi. Kwa kunde si hivyo. Ng'oa shina moja taratibu likiwa na wiki tano hivi, uangalie mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi nyekundu-nyekundu ndani, kinafanya kazi. Ndani yake kuna bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka kwa hewa na kuipatia kunde kama chakula. Ukimwaga samadi nyingi sana, mmea unaona chakula kiko tele, unaota majani kama msitu na kusahau maganda. Samadi kidogo iliyooza vizuri inatosha.

Tena ukimaliza kuvuna, using'oe mashina. Yakate juu, uache mizizi ioze ardhini. Mahindi ya msimu unaofuata yatakushukuru.

MAJANI AU PUNJE?

Hapa ndipo tunaona ugomvi hata ndani ya nyumba moja. Mama anachuma majani kila jioni kwa sababu watoto lazima wale. Baba anasema, "Utamaliza kunde, hatutapata kitu cha kuweka." Wote wawili wana haki.

Jani ndilo jiko la mmea. Ndilo linalotengeneza chakula cha kujaza ganda. Ukichuma kila siku, jiko linazimika. Lakini kuwakataza watu wasichume si jibu, kwa maana wakati huo wa mvua mboga ya kunde ndiyo inalisha nyumba. Tunashauri hivi:

Kwanza, gawanya shamba. Mistari michache karibu na jikoni iwe ya mboga. Hiyo panda kwa msongamano, shubiri nusu kati ya shimo na shimo, kisha uwe unang'oa mimea mizima kwa kupunguza au unachuma kila unapohitaji. Mistari mingine iwe ya punje, na kila mtu nyumbani ajue hiyo haiguswi ovyo.

Pili, kama shamba ni dogo na huwezi kugawanya, anza kuchuma wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota. Chuma mara moja kwa wiki, majani machache kwa kila shina, na usiguse ncha inayokua.

Tatu, maua ya kwanza yakitokea, simama. Kuanzia siku hiyo, jani ni mali ya ganda.

Mama mmoja alituambia kwamba alifunga kitambaa chekundu kwenye mstari wa mwisho wa mboga, na watoto wanaotumwa kuchuma wanajua mpaka wao ni pale. Ni jambo dogo, lakini limemaliza kelele ya kila siku.

WADUDU SHAMBANI

Kunde ina maadui kila umri wake.

Ikiwa changa, vidukari weusi hujikusanya kwenye ncha na chini ya majani, wakifyonza maji. Hawa pia hueneza ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na madoa ya manjano. Mmea ulioshikwa na ugonjwa huo hauna dawa, ung'oe. Angalia shamba kila siku ya tatu. Ukiwaona wachache, waponde kwa vidole. Wakiwa wengi, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, jioni. Yule mdudu wa mgongo wa mviringo, mwekundu wenye madoa meusi, usimuue. Yeye anakula vidukari, kwa hivyo ni mfanyakazi wako asiyelipwa.

Wakati wa maua, kuna wadudu wadogo sana weusi wanaojificha ndani ya ua. Kunguta ua juu ya karatasi nyeupe na utawaona. Hawa ndio wanaofanya maua yadondoke bila kuacha ganda. Kupanda mapema, mvua ya kwanza, kunasaidia sana.

Wakati wa maganda, kuna kiwavi anayefunga maua na maganda kwa utando na kutoboa, na kuna kunguni wa mimea wanaofyonza punje changa zikabaki makunyanzi. Okota kwa mkono asubuhi na mapema wakiwa bado wazito kwa baridi.

Kama mmeamua kutumia dawa ya duka, someni karatasi yake au mwombe mtoto wa shule awasomee. Ina siku za kungoja. Kunde iliyopigwa dawa isichumwe majani mpaka siku hizo ziishe. Sumu haitoki kwa kuosha tu.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Maganda ya kunde hayaivi siku moja. Yale ya kwanza yakigeuka manjano au kahawia na kutoa sauti ukiyatikisa, chuma. Rudi tena baada ya siku chache, mara mbili au tatu. Vuna asubuhi, kwa maana jua kali hupasua maganda na punje kumwagika.

Hapa tuseme kwa sauti: usiache maganda makavu shambani ukingoja yote yaive. Fukusi haanzi stoo. Anaanza shambani. Jike huruka mpaka kwenye maganda yaliyokauka na kutaga mayai juu yake. Kila siku unayochelewa, unawaalika nyumbani. Ndivyo tulivyofanya sisi na magunia yale manne: tuliwafungia fukusi ndani pamoja na kunde.

Anika maganda juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Yakikauka, yapige kwa fimbo, pepeta kwa ungo, kisha toa punje zilizotobolewa na zilizovunjika. Anika punje tena siku mbili au tatu.

Utajuaje zimekauka? Uma punje moja. Ikipasuka kwa mlio, ni sawa. Ikiingia jino kama mpira, bado. Njia nyingine ni ya chumvi. Chukua chupa ya glasi kavu, weka kunde mpaka robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, kunde zina maji bado. Ikianguka yote chini, weka stoo.

MJUE FUKUSI

Angalia punje kwa makini. Ukiona kidoa cheupe kilichoshikamana na ngozi ya punje, hilo ni yai. Kiluwiluwi hutoboa moja kwa moja kutoka kwa yai mpaka ndani, kwa hivyo hata ukipepeta humwoni. Anakula ndani kimya kimya, kisha anatoka akiwa mdudu mzima kupitia lile tundu la mviringo. Safari yote ni kama mwezi mmoja wakati wa joto. Yule unayemwona akitembea juu ya gunia hali kunde tena. Kazi yake ni kutafuta mwenzake na kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 50 na zaidi. Basi hesabu miezi minne, kutoka Februari mpaka Juni. Wachache ulioingia nao wanakuwa jeshi.

Njia za kumzuia ziko, na nyingi hazihitaji pesa nyingi:

1. Majivu. Hii ndiyo njia ya nyanya yetu. Chunga majivu ya kuni yaliyopoa kabisa na kukauka. Pima mikebe 3 ya majivu kwa mikebe 4 ya kunde, changanya vizuri, jaza chungu au mtungi ukishindilia, kisha juu kabisa weka safu ya majivu matupu ya sentimita 3. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, na fukusi anayetoka hawezi kutembea wala kukutana na mwenzake. Kiganja kimoja cha majivu kwa gunia zima hakitoshi. Wengi hukosea hapo, halafu wanasema majivu hayafanyi kazi. Njia hii ni nzuri sana kwa mbegu ya kupanda.

2. Jua na karatasi ya plastiki. Tandika karatasi nyeusi juu ya nyasi kavu, mwaga kunde safu nyembamba isiyozidi sentimita 3, funika kwa karatasi inayopitisha mwanga, na uweke mawe kando zote. Acha kwa saa mbili au zaidi wakati jua ni kali, karibu na saa sita mchana. Joto la ndani huua mayai, viluwiluwi na wadudu wazima. Ziache zipoe, kisha ziweke mara moja kwenye chombo safi kilichofungwa, la sivyo wengine wataingia.

3. Chombo kisichopitisha hewa. Jerikani ya plastiki iliyo kavu na yenye kifuniko imara, ikijazwa mpaka juu, inafaa. Siku hizi pia kuna magunia ya tabaka tatu, mawili ya plastiki ndani na moja la kawaida nje, katika maduka ya dawa za kilimo. Wadudu walio ndani wanamaliza hewa na kuacha kula na kuzaa. Funga kila tabaka peke yake, na usifungue kila siku. Kunde za kula mwezi huu weka kando.

4. Mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja ya kunde, sugua mpaka kila punje ing'ae. Hii ni kwa kunde za kula.

Na onyo moja. Zile tembe za sumu zinazotoa gesi ndani ya gunia, msitumie ndani ya nyumba mnamolala. Gesi hiyo haichagui kati ya mdudu na mtoto.

JIKONI

Kunde kavu ina protini karibu robo ya uzito wake. Ukiichanganya na mahindi, kama tunavyofanya kwa githeri, kimoja kinaongeza kile ambacho kingine kinakosa. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa hili ni jambo kubwa, nyumba ambayo haioni nyama.

Majani pika muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa. Magadi yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini; afadhali uchanganye na mrenda. Ukiweka nyanya au ndimu, mwili unachukua madini ya chuma kwa urahisi zaidi, na akina mama wajawazito wanayahitaji. Majani yakizidi, yatumbukize kidogo kwa maji yanayochemka, yaanike kivulini, na uyaweke kwa miezi ya ukame.

TURUDI KWA KIKUNDI

Kile kikundi hakikuvunjika. Msimu uliofuata hawakuleta kunde stoo kabla ya mtu kupita nyumba kwa nyumba na chupa ya chumvi. Isiyokauka inarudishwa juani, hata kama ni ya mwenyekiti. Nyanya alipewa kazi ya kupima majivu. Na walikubaliana kwamba mbegu ya kupanda hailetwi stoo kamwe; kila mmoja anabaki na chungu chake. Umoja si kuweka mayai yote chini ya kuku mmoja.

Sisi pia tumejifunza. Siku hizi kabla ya kutoa ushauri tunauliza kwanza: "Ninyi mnafanyaje?" Mara nyingi jibu liko jikoni kwa mtu fulani, limefunikwa na majivu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka uliopita, kila mmoja wetu alivuna kunde kiasi gani, na ngapi zilifika chunguni? Zilipotea wapi?
2. Katika nyumba zetu, nani anaamua majani ya kuchumwa na punje za kuwekwa? Je, wanakaa pamoja kuongea?
3. Ni nani kati yetu ambaye kunde zake haziliwi na fukusi? Tumeshawahi kumuuliza siri yake?
4. Kabla ya mvua ya Oktoba, tutafanya nini ili kila mwanakikundi awe na angalau robo kilo ya mbegu safi?